Moto Unaokesha: Mwongozo Kamili wa Kupata Mwako Mrefu na Safi Katika Jiko la Kuni

Kila anayepasha nyumba joto kwa jiko la kuni la chuma, lile lenye mlango wa kioo na bomba la dohani, hutamani kitu kimoja: alijaze kabla ya kulala, na akiamka alfajiri akute chuma bado kina joto na makaa mekundu ya kuwashia moto wa asubuhi. Njia ya kwanza inayowajia wengi ni kuziba hewa. Moto hufifia, hufuka, na kweli hukesha. Ila sehemu kubwa ya kuni imepanda dohani ikiwa moshi ambao haukuwaka, kioo kimekuwa cheusi, na ndani ya dohani umeganda utando wa lami unaosubiri siku ya kushika moto.

Mwako mrefu huamuliwa kabla hujagusa kishikizo cha hewa. Huamuliwa na ukavu wa kuni, unene wake, na wingi wa kuni ulizopakia kwa mkupuo mmoja. Hewa ni hatua ya mwisho, nayo hupunguzwa kwa awamu.

Anza na hesabu

Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina nishati ya takriban kilowati-saa 4. Jiko zuri likiendeshwa vizuri huingiza nyumbani kama robo tatu ya nishati hiyo. Iliyobaki hutoka na moshi. Kwa hiyo kilo 10 za kuni zitakupa kama kilowati-saa 30. Zitandaze kwa saa 10 upate kilowati 3 kwa wastani, au zimalize kwa saa 5 upate kilowati 6. Hakuna namna ya kuugeuza mzigo huo uwe kilowati-saa 60.

Jiko dogo linalomeza kilo 4 tu lina kilowati-saa 12 tumboni. Ukilidai saa 8, unalitaka lichome kwa kilowati moja na nusu, na kwa kiwango hicho tumbo la jiko hupoa kiasi kwamba moshi hauwezi kuwaka. Kwa jiko la aina hiyo, saa 3 au 4 za moto safi ni matokeo ya kujivunia. Na zile saa nyingi zinazotajwa kwenye matangazo ya majiko uzipokee kwa tahadhari: mara nyingi huhesabiwa mpaka kaa la mwisho linapozimika, ilhali joto la maana chumbani limekwisha zamani.

Kinachoungua ni moshi

Kuni ikipata joto, kwanza hutoa maji. Ikizidi nyuzi 200 hivi za selsiasi, mbao yenyewe huanza kuvunjikavunjika na kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazobeba zaidi ya nusu ya nishati yote. Ndimi za moto unazoziona ni gesi hizo zikiwaka. Ili ziwake zote zinahitaji joto la karibu nyuzi 600, hewa ya kutosha, na muda wa kuchanganyika nayo kabla hazijafika dohani. Kinachobaki ni makaa, ambayo huungua polepole bila moshi wa kuonekana.

Ndiyo maana majiko ya kisasa huwa na hewa ya njia mbili: ya kwanza huingia karibu na kuni, na ya pili hupashwa joto njiani kisha kutoka kwenye vitundu vya juu, chini ya kibao kinachoufunika moto. Ukiona ndimi zinachomoza kwenye vitundu hivyo vya juu, moshi unaungua. Majiko mengine yana kichocheo, kipande chenye matundu kama sega kilichopakwa madini kama platinamu na paladiamu, kinachouwezesha moshi kuungua kwa joto la chini zaidi, karibu nyuzi 260. Hayo ndiyo yanayoweza kwenda polepole sana bila kuchafua, mradi kichocheo kimefikia joto lake kabla ya kuelekezewa moshi.

Kuni: hapa ndipo kazi ilipo

Ukiniuliza uanze kurekebisha nini, nitasema kuni, hata kabla sijaliona jiko lako. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Unatakiwa ushuke chini ya asilimia 20, na kati ya 15 na 20 ndipo pazuri zaidi.

Watu husema kuni mbichi hula nishati kwa kuchemsha maji. Ni kweli, ila si hasara kubwa kuliko zote. Ukichoma kilo 10 za kuni zenye maji asilimia 40, kuchemsha kilo 4 za maji kunakugharimu kama kilowati-saa 3 hivi. Hasara kubwa ni kwamba mvuke hulipoza tumbo la jiko saa ile ile gesi zinapotoka, zile nyuzi 600 hazifikiwi, na moshi unapita mbichi. Hapo unalazimika kuacha hewa wazi ili moto usife, na hewa ikiwa wazi, moto mrefu umeshaukosa. Kuni kavu pekee ndizo zinazokubali kubanwa hewa bila kufuka.

Kukausha kwenyewe kunataka mambo matatu. La kwanza, pasua. Gogo zima lenye ganda hutunza maji kwa miaka, kwa sababu ganda liliumbwa kuyazuia yasitoke. La pili, panga kuni juu ya vipande vya mbao au mawe zisiguse ardhi, safu moja au mbili, mahali penye upepo na jua. La tatu, funika juu tu na uache ubavuni wazi. Turubai lililoshuka mpaka chini hufungia unyevu ndani, na kuni huota ukungu. Mti mwepesi kama msonobari uliopasuliwa huwa tayari baada ya miezi 6 hadi 12 katika mazingira mazuri. Mti mzito kama mwaloni huweza kutaka miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo kuni za msimu ujao zinapaswa ziwe zimeshapangwa sasa hivi.

Kujua kama zimekauka, macho na masikio husaidia kidogo. Kuni kavu ni nyepesi kuliko ilivyokuwa, ina nyufa kwenye ncha, ganda linabanduka, na ukigonga mbili hulia kwa sauti kali. Lakini nyufa zinaweza kuonekana nje wakati kati bado ni mbichi. Tumia kipima unyevu chenye pini mbili, na kitumie ipasavyo: pasua ukuni upya, uchome pini kwenye uso mpya wa ndani, kufuata nyuzi za mti. Fahamu pia kwamba vipima vingi hulinganisha maji na uzito wa mbao kavu, si uzito wote, hivyo 25 kwenye kifaa ni sawa na 20 katika lugha ya kuni.

Huna kipimo? Kata kipande kutoka katikati ya ukuni, ukipime kwa mizani, ukiweke kwenye oveni kwenye nyuzi zaidi kidogo ya 100 mpaka uzito uache kushuka. Kikianza na gramu 500 na kuishia 400, maji yalikuwa gramu 100, yaani asilimia 20.

Kuhusu aina ya mti, kwa kilo moja miti yote haitofautiani sana. Tofauti iko kwenye uzito wa ujazo. Tumbo la jiko likijazwa mti mzito hubeba kilo nyingi kuliko likijazwa mti mwepesi, basi mti mzito ndio wa usiku, na mwepesi ni wa kuwashia au wa jioni isiyo na baridi kali. Ile hofu kwamba utomvu wa msonobari ndio unaojaza lami dohani haina msingi: msonobari mkavu huungua safi kuliko mwaloni mbichi.

Weka kuni za unene tofauti. Kwa mwako mrefu unataka mapande ya sentimeta 10 hadi 15, kwa kuwa eneo la nje ni dogo kulinganisha na ujazo, na gesi hutoka taratibu. Ukijaza jiko vipande vyembamba, gesi zote hutoka kwa pamoja, moto huruka, na baada ya saa mbili umebaki na majivu. Usichome kamwe mbao zilizopakwa rangi au dawa, plywood, plastiki, karatasi zinazong'aa, wala magogo yaliyookotwa baharini, kwa maana chumvi yake hula chuma.

Jiko lenyewe na dohani

Kama hewa inaingia pasipo ruhusa yako, kishikizo hakina maana. Fungia kipande cha karatasi kwenye mlango kisha ukivute. Kikitoka kirahisi bila kukwama, kamba ya kuzibia mlango imechoka. Rudia kuzunguka mlango mzima. Kubadilisha kamba hiyo ni kazi ya saa moja: toa ya zamani, kwangua gundi, paka gundi ya joto kali, laza kamba mpya ya unene uleule bila kuivuta, kwani ikivutwa hupungua unene. Kwa maungio ya chuma, pitisha kijiti cha ubani kinachofuka pembeni mwake moto ukiwa unawaka. Moshi ukinyonywa ndani, kuna ufa.

Kagua pia matofali ya ndani na kile kibao cha juu. Tofali lenye ufa tu halina shida, lililomomonyoka libadilishwe. Kibao kikiwa kimesogea, moto hukimbilia dohani moja kwa moja na joto lote huenda nalo.

Dohani ndiyo injini. Hewa ya moto hupanda na kuvuta nyingine nyuma yake, kwa hiyo dohani ndefu, iliyonyooka na yenye joto huvuta vizuri, na ile pana mno au inayopita nje ukutani bila kufunikwa kwa kizuia joto huvuta kwa kusuasua. Kanuni inayotumika sana Marekani ni ncha ya dohani iwe angalau sentimeta 90 juu ya pale inapotoboa paa, na sentimeta 60 juu ya chochote kilicho ndani ya mita 3. Mvuto hubadilika na hali ya hewa: kukiwa na baridi kali nje huongezeka, kukiwa na uvuguvugu hupungua. Hivyo alama uliyoizoea kwenye kishikizo haitakupa moto uleule kila siku.

Nunua kipimajoto cha sumaku cha kubandika kwenye bomba. Kwenye bomba la ukuta mmoja, eneo salama ni takriban nyuzi 115 hadi 245. Chini ya hapo moshi huganda kuwa lami ndani. Juu yake unapoteza joto na unalitesa jiko.

Kuwasha kutoka juu

Panga mapande mawili au matatu mazito chini, juu yake ya wastani, juu zaidi vibanzi vyembamba vilivyokingamana, na kileleni kiwashio. Washa kileleni, hewa wazi kabisa. Moto hushuka taratibu, na gesi zinazotoka chini hulazimika kupita kwenye ndimi zilizo juu, basi huungua badala ya kutoka zikiwa moshi. Dohani pia hupata joto mapema. Kama imepoa sana na moshi unarudi chumbani, choma karatasi iliyokunjwa karibu na mdomo wa bomba kwanza, na fungua dirisha kidogo. Zima na feni ya jikoni inayofyonza hewa.

Mzigo wa usiku, hatua kwa hatua

Huu si moto wa kwanza wa jioni. Jiko linatakiwa liwe limeshawaka saa kadhaa, chuma kina joto na kuna tandiko zuri la makaa. Anza kama saa moja kabla ya kulala, maana utahitaji kuwa macho karibu nalo.

Fungua hewa yote na usubiri dakika mbili, kisha achia mlango ufa mdogo tu ili mvuto ushike, ndipo uufungue. Vuta makaa mbele, karibu na mlango ambako hewa huingilia, uache bonde nyuma. Kwenye bonde hilo laza pande zito kuliko yote. Kisha jaza: mapande yabanane, mapengo yazibwe na vipande vyembamba, ila acha sentimeta 5 hivi chini ya vitundu vya juu, na pasiwe na kitu kinachogusa kioo. Kuni zilizobanana hulindana. Zilizoachana hupitisha hewa pande zote na kuwaka kwa pamoja. Ukizilaza kutoka mbele kwenda nyuma utapakia nyingi bila hofu ya kuviringika kwenye kioo. Ukizikingamisha zitaungua taratibu zaidi, kwa kuwa hewa hugonga ukuni wa mbele kwanza, lakini hapo lazima uwe mwangalifu na kuviringika huko.

Funga mlango, hewa ibaki wazi. Dakika 10 hadi 20 zijazo ndizo zinazoamua usiku wako. Subiri mpaka nyuso za kuni zote ziwe nyeusi zenye nyufa nyufa, na kipimajoto kipande mpaka katikati ya eneo salama. Unyevu wa nje umetoka, tumbo la jiko lina joto la kuchoma moshi.

Sasa punguza hewa mpaka nusu. Ndimi zitatulia, kisha zitajipanga upya. Subiri dakika 5 hadi 10. Punguza mpaka robo, subiri tena. Halafu punguza kidogo kidogo mpaka uone ndimi za kivivu zinazoelea sehemu ya juu ya tumbo, zimeachana na kuni zenyewe. Hapo pana utamu wake. Mimi huweza kukaa nikiuangalia moto wa namna hiyo muda mrefu bila sababu yoyote. Toka nje uangalie ncha ya dohani: unapaswa kuona mtetemo wa joto tu, au mvuke mweupe unaotoweka haraka. Moshi wa buluu au wa kijivu unaotambaa unamaanisha umebana mno.

Ndimi zikipotea kabisa na ndani pakajaa moshi unaozunguka, usifungue mlango. Moshi huo ni gesi inayongoja hewa, na ikiipata ghafla hulipuka kwa mshindo unaoweza kurusha cheche chumbani. Ongeza hewa kidogo tu kupitia kishikizo, usimame pembeni, usubiri zishike. Kosa la kubana mno, mapema mno ndilo lililozifanya dohani nyingi ziungue wakati majiko yasiyopitisha hewa yalipoenea baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973: watu waliuona moto umelala, wakadhani wameshinda.

Moto ukitulia, lala. Usiufungue mlango kuongeza ukuni mmoja mmoja. Kila ukiongeza unapoza tumbo, unaanzisha upya hatua ya maji na moshi, na mzunguko mzima unavurugika. Jiko hupenda mzigo mmoja, uungue mpaka makaa, ndipo ujao.

Makaa na majivu

Asubuhi, ukikuta makaa, fungua hewa, yavute mbele, weka vipande vyembamba vikavu, na moto utarudi bila kiberiti. Nyakati za baridi kali hutokea makaa yanarundikana kwa sababu unapakia upya kabla hayajaisha, na nafasi ya kuni inapungua kila mzunguko. Dawa yake ni kuweka ukuni mmoja mwembamba juu ya makaa na kufungua hewa kwa saa moja. Yatateketea huku yakikupa joto.

Usifagie majivu yote. Tandiko la sentimeta 2 au 3 huhifadhi makaa usiku na kukinga sakafu ya jiko. Kama jiko lako lina wavu na mlango wa majivu chini, ufunge kabisa wakati wa moto. Ukiuacha wazi, hewa hupuliza chini ya makaa kama mvukuto wa mhunzi, na chuma kinaweza kupinda au kupasuka. Sehemu yoyote ya jiko ikianza kung'aa nyekundu, umepita kiasi: funga hewa mara moja na usifungue mlango.

Majivu hutunza makaa hai kwa siku kadhaa. Yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, uiweke nje, juu ya zege au udongo, mbali na ukuta wa mbao. Usiyaamini hata yakiwa baridi mkononi.

Usalama usiorukwa

Makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Weka king'ora cha gesi hiyo chumbani mwa jiko na karibu na vyumba vya kulala, pamoja na cha moshi. Kama bomba lako lina kizibo cha ndani, usikifunge kabisa makaa yakiwa hai.

Dohani ikaguliwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa mwaka, na wakati wowote tabaka la ndani likifika milimita 3. Ukisikia mngurumo mkubwa bombani, dohani imeshika moto: funga mlango na hewa yote, toa watu nje, ita zimamoto. Usimwage maji ndani, kwani dohani yenye joto kali hupasuka.

Dalili na chanzo chake

Kioo kinakuwa cheusi kila usiku: kuni zina maji, au umebana hewa kabla jiko halijapata joto. Kikichafuka kona moja tu, mara nyingi ni kamba ya mlango imelegea upande huo, au ukuni ulisogelea kioo.

Moto hauzuiliki hata hewa ikiwa imefungwa: angalia kamba, maungio na mlango wa majivu. Kama vyote ni vizima, huenda dohani ni ndefu na inavuta kupita kiasi, na fundi anaweza kukufungia kidhibiti bombani. Jambo jingine la kuangalia ni kama umepakia vipande vyembamba vingi juu ya makaa mengi mno.

Asubuhi kuna mapande meusi yasiyoungua: hewa ilipunguzwa haraka. Kesho yake ongeza dakika 5 katika kila awamu, na usibadilishe kitu kingine usiku huo, ili ujue ni kipi kilicholeta tofauti.

Jiko lina moto ila nyumba ina baridi: rudi kwenye hesabu. Kama nyumba inapoteza kilowati 6 na wewe umeutandaza mzigo wako ukupe 3, moto umefanya ulichouagiza. Usiku wa namna hiyo chagua mizunguko mifupi yenye nguvu, au zibeni nyufa za madirisha na milango kabla ya kulilaumu jiko.